Katuni Zisizo na Sauti

Mimi ni mtu wa kelele, sikatai. Nikiwa shambani kwangu hapa Nyamitaba, nikamwita mtu aliye ng'ambo ya bonde, ananisikia na anaitika kabla sijamaliza jina lake. Mama yangu alikuwa hivyo, na dada zake hivyo hivyo. Kwetu mwanamke mwenye sauti ndogo anaulizwa kama anaumwa. Kwa hiyo watu wanaponiuliza ilikuwaje nikazaa mtoto asiyetoa sauti, nawajibu kwamba sikumzaa hivyo. Nilimzaa akipiga kelele kama mimi. Kunyamaza nilimfundisha mwenyewe, kwa simu.

Nasema hivi kwa sababu siku hizi kila tukitoka ibadani nawasikia wenzangu: simu imeharibu watoto, simu imeharibu watoto. Utafikiri simu ilikuja kwa miguu yake ikapiga hodi. Wee! Nani aliyeipokea? Nani aliyemwekea mtoto mikononi ili apate kuchagua maharage yake kwa raha? Mimi najijua. Nitasema yangu, wengine waseme yao.

Kulikuwa na msimu ambao tulikaa majuma mengi bila kurudi nyumbani. Waliopita na bunduki walipita, sina haja ya kuwataja hapa. Mtu wa kwetu akisikia "tulikuwa shambani" anaelewa: familia inachukua sufuria, blanketi na jembe, inakwenda kukaa kwenye kibanda cha shamba la mbali, chini ya mianzi, mpaka milima itulie. Kibanda chetu kilikuwa na familia tatu. Wanangu wakubwa walikuwa wameshapelekwa Goma kwa dada yangu kusoma, nilibaki na kitindamimba wangu, msichana wa miaka miwili na nusu. Na mapafu yake, Mungu wangu, yalikuwa yangu. Akikosa uji analia. Akipata uji analia kwa sababu ni wa moto.

Watu walianza kuniangalia vibaya. Mwanamume mmoja mpole, ambaye kanisani huketi benchi la mbele yetu, alinisogelea akaninong'oneza: "Mama, nyamazisha mutoto. Kama hauwezi, utoke naye." Sikumkasirikia. Ningekuwa mimi, ningesema hayo hayo, tena kwa ukali zaidi.

Mume wangu alikuwa na simu ya kioo kikubwa. Yeye anafanya kazi Rubaya, anabeba mizigo mgongoni kutoka kwenye machimbo, na kule sokoni kuna watu wanaojaza video kwenye memori: nyimbo, mpira, mahubiri, katuni, chochote unachotaka. Mtandao kwetu ni wa kubahatisha, lakini memori haiombi mtandao. Alikuwa amemjazia mtoto katuni za wanyama waliovaa suruali. Siku ile aliitoa simu mfukoni, akapunguza sauti mpaka ikaisha kabisa, akaiweka mbele ya pua ya mtoto. Mimi nikamwambia mtoto sikioni, "Tukiangalia hii, hatuongei. Hatuongei hata kidogo. Umesikia?"

Akanyamaza papo hapo. Machozi yalikuwa bado mashavuni, lakini mdomo ulifungwa na macho yakafunguka kabisa. Pale kibandani tulipumua wote. Tangu siku hiyo, kila tulipohitaji kimya, simu ilitoka mfukoni. Tuliichaji kwa paneli ya sola yenye ukubwa wa daftari, tukaianika juu ya majani mchana na kuiondoa kila tuliposikia nyayo. Siku zile simu ilituokoa, na sitaisema vibaya kwa ajili ya siku zile.

Tulirudi nyumbani. Mlango ulikuwa umeng'olewa, kuku hawakuwepo, lakini paa lilikuwa juu ya kuta na tukamshukuru Mungu. Kazi zilikuwa nyingi kuliko mikono: palizi, kupanda upya, kukarabati. Mume wangu akarudi Rubaya, akawa anakuja Jumamosi kwa Jumamosi, na ile simu akaiacha nyumbani, akanunua nyingine ndogo ya kupigia tu. Alisema, "Hii ibakie kwa mutoto, akae nayo mu nyumba." Nami nikaona ni baraka. Namketisha mtoto kwenye mkeka asubuhi, namwashia katuni, naenda kulima. Nikirudi namkuta palepale, safi, hajachafua hata kisigino.

Jambo moja nililiona na sikulielewa. Alikuwa akiangalia bila sauti. Siku moja nikamwongezea, nikidhani hajui kubonyeza. Aliruka akaipunguza haraka haraka, kisha akaangalia mlangoni. Unajua nilifanya nini? Nilicheka. Niliwasimulia wenzangu kisimani kama kichekesho, nao wakacheka.

Halafu sifa zikaanza. Kwetu mtoto akinyamaza anasifiwa, na mama yake anasifiwa pamoja naye. Kanisani mahubiri yalikuwa yanachukua saa mbili, watoto wa wengine wanatambaa chini ya mabenchi, wangu ameketi kama mjumbe wa wazee. Jirani yangu, mwanamke ambaye shamba lake linapakana na langu na ambaye hajawahi kunisifu kwa lolote, aliniambia, "Dada, huyu mutoto yako iko na heshima. Sijui aliitoa wapi, kwako haikuko." Tukacheka, lakini moyoni nilivimba. Mimi, mwenye mdomo huu, nimepata mtoto wa heshima! Nikawa namvisha vizuri zaidi. Nikawa nawaambia wanawake wengine kwa kiburi, wapeni watoto wenu simu, mtaona. Wawili walinifuata. Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana, na mimi nilidhani kazi hiyo nimeipatia dawa.

Alipotimiza miaka mitano, nilikwenda naye kijitoni siku simu ilipokosa chaji. Kule tuna mashimo ya kuloweka mihogo. Unachimba pembeni mwa kijito, maji yanaingia, unatumbukiza mihogo iliyomenywa, unafunika kwa majani ya migomba, unaiacha siku tatu nne mpaka ilainike. Mtu mzima akisimama ndani maji yanamfika kiunoni. Mimi nilikuwa nimepinda kona ya chini naosha ile iliyokuwa tayari, napiga gumzo peke yangu kama kawaida yangu. Mtoto alikuwa nyuma yangu. Nilivyodhani.

Nikasikia jirani akipiga ukelele. Niliacha kila kitu nikakimbia. Nilimkuta amepiga magoti ukingoni, ameshika mikono ya mwanangu anamvuta. Mtoto alikuwa amekanyaga majani yaliyofunika shimo, yakaachia. Maji yalimfika kidevuni. Alikuwa amejishikilia kwenye mizizi ya nyasi, vidole vyeupe, midomo myeusi kwa baridi, macho wazi, mdomo umefungwa.

"Nilikuya kuangalia mihogo yangu," jirani alisema. "Yesu! Kama singekuya? Hakulia, dada. Nilimukuta ananiangalia tu. Hakulia hata kidogo!"

Nilimkumbatia mtoto, nikamkausha kwa kitenge changu, nikamtikisa, nikamfokea, yote kwa pamoja. "Mbona hukuniita? Mama alikuwa hapo tu! Mbona hukuita?"

Akaninong'oneza sikioni, "Ulisema hatuongei."

Niliketi kwenye tope. Mtu anaweza kuishi na aibu nyingi, lakini hiyo sikujua niiweke wapi. Mtoto wangu angekufa hatua thelathini kutoka kwangu, kwa utii. Na nilielewa wakati huohuo kwamba siku nyingine jirani hatapita. Ama huyu mtoto ajifunze kuita, ama siku moja nitamkuta nimechelewa. Hakuna la tatu.

Tulipofika nyumbani nikachukua simu na kuelekea kwenye kinu. Nilikuwa na mchi tayari mkononi. Jirani, aliyekuwa ametufuata na moto kwenye kigae, na ambaye njiani nilimweleza lile neno la mtoto, akanishika mkono. "Unatwanga simu kwa nini? Ni yeye ilisema hatuongei?" Nilimtazama kwa hasira sana, kwa sababu alisema kweli. Nikaweka mchi chini. Simu nikaifunga ndani ya kitambaa, nikaizamisha kwenye gunia la maharage ya mbegu, nikatamka sheria mbele ya mtoto na mbele ya jirani awe shahidi: simu hii ni ya Papa. Itatoka Jumamosi akija, tutaangalia sote watatu, muda wa kupika ugali tu, na itakuwa na sauti. Siku nyingine hakuna.

Siku za kwanza zilikuwa mbaya. Nilijiandaa kwa kelele, nikajiambia hata akigaragara chini sitalegea. Hakugaragara. Alilia bila sauti. Alikaa kwenye mkeka, machozi yanateremka, kifua kinapanda na kushuka, na hakuna kilichotoka. Mikono aliiweka mapajani, viganja juu, kana kwamba bado ameishika. Afadhali angenitukana. Mara tatu nilikwenda mpaka kwenye gunia, nikaingiza mkono kwenye maharage, nikaigusa. Mara tatu nikautoa mkono mtupu. Nilimwambia Mungu kwa sauti kubwa, "Unaniona? Usiniache hapa katikati!"

Jumamosi mume wangu alifika, akasikia sheria mpya, akakasirika. Yeye si mtu wa maneno, lakini siku hiyo aliyapata.

"Nje kuko nini?" aliniuliza. "Unataka acheze na nani, na fasi gani? Mimi niko Rubaya na muzigo ku mugongo, nikijua mutoto iko mu nyumba, moyo inatulia. Sasa unamutoa nje. Kama kuko kintu, tutamupata wapi?"

"Mu nyumba?" nikamjibu. "Na ile siku tulikimbia, tulikuwa tunatoka wapi? Tulikuwa mu soko? Tulikuwa mu nyumba, Papa! Hii mu nyumba unasema, njo ile tuliikimbia."

Nikamweleza habari ya shimo la mihogo, mwanzo mpaka mwisho, pamoja na lile neno nililonong'onezwa. Aligeuza uso ukutani. Hatimaye akasema tujaribu mpaka maharage yavunwe, halafu tuone. Nikasema sawa, lakini moyoni nilijua mimi sitangoja maharage.

Jirani yangu ana binti wa miaka kumi, ndiye kiongozi wa watoto wote wa upande wetu. Mwembamba, mdomo mrefu, anaamuru hata wavulana. Nilimwita nikampa kazi: kila siku ukitoka shule umpitie huyu mdogo wako, uende naye popote mnapokwenda. Msimu ule mahindi yalikuwa yanakomaa na watoto walikuwa wakilinda mashamba dhidi ya nyani na ndege. Nikafurahi sana. Kazi ya kulinda ni kelele tupu: unapiga debe, unapiga mayowe, unawaimbia nyani matusi. Nikasema hapo hapo, huko atafunguka tu.

Hakufunguka. Alipewa debe, akalipiga vizuri, kwa bidii, lakini mdomo ukabaki umefungwa. Wenzake wakaanza kumwita bubu. Nilipoarifiwa nilipanda kile kilima kwa hasira, fimbo mkononi, niwafundishe adabu. Nilipofika juu nikawakuta wanakimbizana, naye anakimbia katikati yao, matope mpaka magotini, anacheka. Anacheka kwa mabega tu, bila sauti. Nikaificha ile fimbo nyuma yangu. Nikaona nikiwachapa hawa kesho hawatampitia.

Nikafanya kingine. Nikasema mimi mwenyewe nitacheza. Kila alasiri nilitoka shambani mapema, nikaacha magugu yangu yanione mjinga, nikaenda uwanjani penye nyasi fupi za ng'ombe. Niliwafungia mpira wa majani makavu ya migomba, kwa sababu walikuwa wanapiga mpira wa mifuko unaopasuka kila dakika. Niliwaonyesha jinsi tulivyofinyanga ng'ombe wa udongo na kuwatia pembe za vijiti. Niliwachongea watoto chukudu ndogo, ile baiskeli ya mbao inayobeba mizigo huku kwetu, wakawa wanateremka nayo mlimani mpaka roho yangu inatoka. Niliruka nzango pamoja na wasichana, ule mchezo wa kutupiana miguu huku mnapiga makofi na kuimba, mpaka kitenge kikafunguka mbele za watu.

Wanawake waliokuwa wakipita na mizigo ya kuni walisimama kunishangaa. "Mama muzima! Unaruka na batoto, kwako hakuna kazi?" Niliwajibu, "Kazi iko. Njo hii naifanya!" Wengine walisema nimepigwa na kitu kichwani. Shamba langu la maharage lilijaa magugu mwaka ule, aibu tupu, na mwanamke mwenye jembe kama mimi kudharauliwa kwa ajili ya magugu si jambo dogo. Nilimeza. Lakini baada ya majuma machache nikaona wale wawili niliowashauri wawape watoto simu wanawaleta uwanjani, mmoja baada ya mwingine, bila kuniangalia usoni. Nami sikuwauliza kitu.

Mwanangu alibadilika mwili kwanza. Miguu ilikuwa myororo, ikapata ngozi ngumu. Akaanza kumaliza sahani ya ugali na kuomba nyingine kwa kunisukuma mkono. Jumamosi tulitoa simu kama nilivyosema, tukaiweka sauti ndogo, na aliponyoosha mkono kuizima, baba yake alimshika kidole taratibu. Akavumilia kidogo, kisha akaondoka, akatoka nje kutafuta wenzake. Mume wangu alibaki na simu yake mkononi, wanyama wanaongea Kifaransa peke yao.

Lakini sauti haikuja. Kwenye nzango aliruka kuliko wote, midomo imebanwa. Na mchezo uliomfanya apendwe zaidi ulikuwa kujificha. Katika mchezo huo hakuwa na mwenzake. Watoto wengine wanajificha kisha wanacheka, wanakohoa, wanauliza kama wameonekana. Yeye akishajificha amekwisha. Waligombana nani awe upande wake. Binti ya jirani alinisimulia kwa kumwonea fahari, "Mama, huyu hata ukikanyaga mukono yake, hasemi kintu!" Nilitabasamu, halafu siku nzima sikupata raha.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi alasiri. Mawingu yalikuwa yameshuka mpaka mashamba ya juu, watu wanaanua mihogo. Watoto wakarudi kutoka kwenye mahindi wakikimbia mvua, na wangu hakuwemo. Binti ya jirani alikuwa analia. Walikuwa wanacheza kujificha, wakamtafuta wasimwone, mvua ikatishia, wakadhani ametangulia nyumbani.

Tulipanda juu, mimi, mume wangu, jirani, na kila aliyekuwa karibu, labda watu kumi na watano. Tukasambaa kwenye mahindi, tukaita jina lake. Mahindi mengine yalikuwa yameshavunwa, mabua yamelundikwa, na chini ya lile shamba kuna korongo ambalo maji ya mvua hupita kwa nguvu. Radi ikapiga. Tuliita. Hakuna aliyeitika.

Mume wangu akatoa simu. Alikuwa ameichukua kwenye gunia bila kuniomba. "Niwashe katuni kwa sauti yote," alisema. "Atasikia, atakuya."

Na mimi, niliyekuwa nimeapa, nilitaka aiwashe. Nilitaka kabisa. Ningempa mtoto simu kumi siku ile. Kisha nikaelewa. "Papa," nikamwambia, "hajui muziki wake. Miaka yote hii aliangalia bila sauti. Ukiwasha, atasikia kelele ya watu asiowajua."

Alikitazama kile kioo, kisha akakirudisha mfukoni.

Ndipo nilipowasikia wenzangu kwa masikio ya mtoto. Wanaume wanapita katika mahindi kwa buti, wanavunja mabua kwa panga, wanapaza sauti nzito, "Uko wapi? Toka! Toka!" Na yeye, popote alipo, amefundishwa na mimi mwenyewe kwamba watu wa namna hiyo wakipita, hatuongei. Kadiri tulivyozidi kumtafuta ndivyo alivyozidi kujibana.

Nikapiga kelele, na yangu nimesema mwanzoni ni kubwa. "Nyamazeni wote! Simameni mulipo!" Wakasimama. Nikamshika binti ya jirani mabegani. "Mwanangu, usilie. Niambie. Kwenye mchezo yenu, mtu asipoonekana, munafanya nini ili atoke?"

Akapangusa kamasi. "Tunasema tumeshindwa, Mama. Asipopatikana, wote tunasema tumeshindwa, njo anatoka. Leo hatukusema. Tulikimbia mvua."

Nikageukia wale watu. "Mumesikia. Semeni tumeshindwa. Museme kwa nguvu."

Walitazamana. Yule mwanamume mpole wa kibandani alikuwemo, panga mkononi. Mwingine, mzee wa ng'ombe, alikunja uso akasema, "Mimi niseme nimeshindwa? Na mutoto?" Nikamwambia kama hawezi, atoke. Jirani yangu ndiye alianza, Mungu ambariki na ulimi wake mchungu. Kisha mume wangu. Kisha watoto, kisha wote, hata yule mzee, wamesimama kwenye mahindi na matone ya kwanza yanawapiga vichwani: "Tumeshindwa! Tumeshindwa, toka! Tumeshindwa!"

Tulinyamaza tusikilize. Mvua ilikuwa inapiga majani.

Halafu kwenye lundo la mabua lililokuwa ukingoni kabisa mwa korongo, kitu kikasema. Sauti ilikuwa ya kukwaruza, kama mlango ambao haujafunguliwa siku nyingi. "Niko hapa."

Mume wangu aliruka kwenda mbele na bila kujua akaweka kidole midomoni, "Sss, sss, Papa anakuja." Mazoea ni kitu kibaya. Nilimpiga kofi la mkono, kidole kikaanguka, na mimi mwenyewe nikagundua kiganja changu kimeshainuka, tayari kwenda kufunika mdomo wa mtoto. Nikakibana kwapani.

Nilikuwa nimeshauona mguu wake. Ulikuwa unatokeza kwenye mabua, una matope, hatua sita kutoka nilipokuwa. Ningeinama tu ningemshika. Miguu yangu ilitaka kwenda, nikaikatalia.

"Sikusikii!" nikampigia kelele. "Mama iko mbali! Ita tena!"

"Niko hapa!"

"Wapi? Mvua inanizuia! Ita!"

Mume wangu aliniangalia, machozi na mvua usoni, akataka kusema kitu. Nikamzuia kwa mkono. Mabua yakatikisika, kichwa kikatokea, nywele zimejaa majani, na mwanangu akanitazama moja kwa moja, akaniona nimesimama pale karibu yake kabisa. Akavuta pumzi, akafungua mdomo wote, akaniita kama vile niko Rubaya.